Foleni ya ku urjansi inaanziaka ku mulango wa kutokea

Mutu akingoja masaa ku urjansi ya hospitali hapa Goma, mugonjwa wake amelala ku benchi na kichwa iko ku mapaja yake, kuna maneno matatu yenye atasikia paka siku hiyo hiyo. Ya kwanza: enfirmiye ni wavivu, wanaangalia telefone. Ya pili: watu wamekuwa wengi mu muji, mutu anaumwa kichwa kidogo anakimbilia hospitali kubwa. Ya tatu: hapa kama haujue mutu hauingie. Kila moja iko na ukweli yake kidogo ndani, siwezi kataa, lakini hata ukiyaunganisha yote matatu bado hayaelezi mbona kuna usiku wagonjwa wenye waliingia ni wachache na tunangoja kuliko siku yenye mulango ulijaa toka asubuhi. Kwa kuelewa ile inabidi tuangalie pahali penye familia hazifikiriaka kabisa, ni kusema namna wagonjwa wanatoka.

Lakini tuanze ku mulango wa kuingia, juu njo pale hasira inazaliwa.

Urjansi haiko mustari wa maji ku robine, kwamba mwenye aliweka bidoni wa kwanza njo anachota wa kwanza. Kuna kazi inaitwa triaje, ni kusema kuchagua nani atibiwe mbele kufuatana na hali yake, na imeanza zamani. Dominique Larrey, muganga mupasuaji wa jeshi ya Napoleon huko Ufaransa, zaidi ya miaka 200 imepita, njo mumoja wa wale wa kwanza kusema majeruhi atibiwe kufuatana na kidonda chake, haijalishe ni mukubwa wa jeshi ao ni askari wa kawaida. Leo sistemu ni mingi. Moja yenye inatumika sana mu Afrika ilizaliwa Cape Town mwaka 2004, na MSF (Waganga Wasio na Mipaka) wameitumia mu hospitali nyingi zenye wanasaidia. Inagawa watu kwa rangi: mwekundu anaingia papo hapo, wa rangi ya chungwa asipitishe dakika 10, wa njano asipitishe dakika 60, wa kijani anaweza ngoja mpaka masaa 4. Kwa hiyo wewe wa kijani ukingoja masaa 3 na nusu, bado hawajakukosea, sistemu iko inafanya kazi yenye ilitengenezewa, shida ni kwamba hakuna mutu alikuambia kama wewe ni wa kijani.

Na hiyo rangi haitoke mu kichwa ya enfirmiye tu hivi. Muangalie siku moja vile anapima mutoto. Anamuacha kwanza mu mikono ya mama, anapandisha nguo, anaangalia kifua na anahesabu pumzi dakika nzima bila kugusa, juu akimugusa mutoto atalia na hesabu itaharibika. Mutoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 ao zaidi mu dakika moja, hiyo ni mbio. Wa mwaka 1 mpaka 5, mbio inaanzia ku 40. Kiisha anafinya kaukucha mpaka kanakuwa keupe, anaachilia, anahesabu tena: rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mikono ni baridi, na moyo unapiga mbio lakini bila nguvu, basi damu haitembei vizuri na huyo mutoto hana muda wa kungoja. Anafinya ngozi ya tumbo na kuachilia, ikibakia imesimama zaidi ya sekunde 2 maji imeisha mu mwili. Anaita jina, anaangalia kama macho yanamufuata. Yote hiyo ni dakika chache, na ile telefone yenye unaonaka mu mukono yake, mara mingi njo saa yenye anahesabiaka pumzi.

Njo maana mutoto mwenye analia na sauti kubwa anaweza kupitwa na mutoto mwenye amenyamaza. Kulia inaomba hewa na nguvu, mwenye analia bado iko na vyote viwili. Mwenye alikuwa analia nyumbani na sasa amenyamaza, amelegea, haombe hata kunyonya, huyo njo anakimbiziwa ndani hata kama alifika wa mwisho. Vilevile baba mwenye ameshika kifua, jasho inamutoka, anaongea pole pole kabisa, atapita mbele ya kijana wa moto (pikipiki) mwenye muguu umevunjika na anapiga makelele korido nzima isikie. Kwa yule wa muguu inauma kweli, na dawa ya maumivu anapashwa kuipata haraka, hiyo ni haki yake, lakini muguu utangoja na moyo hautangoja.

Sasa ile neno ya tatu, ya kujuana. Tusidanganyane, iko. Kuna pahali triaje ni meza moja na kitabu moja ya kuandikia majina, rangi hakuna, na mutu mwenye shemeji yake anafanya kazi ku labo anapitishwa na mulango wa nyuma. Kitu yenye inaniuma hapo kuliko ile nafasi moja yenye imeibiwa ni kwamba watu 20 wenye wameona, kuanzia saa hiyo hawaamini tena rangi yoyote. Kesho yake enfirmiye akipitisha mutoto mwenye anakufa, watasema ni mutoto wa ndugu yake. Hospitali yenye inachora zile rangi ku ukuta, na maana yake kwa Kiswahili, na kumupa kila mugonjwa kakaratasi ya rangi yake, inajipunguzia ugomvi mingi bila kununua mashini yoyote.

Bon, triaje inaamua nani anatangulia. Haiamue urefu ya foleni. Foleni yenyewe inatoka kwingine.

Tupige hesabu ndogo, hesabu yenye Mumarekani John Little alihakikisha mwaka 1961 na inafanya kazi pahali pote watu wanaingia na kutoka. Idadi ya watu wenye wako ndani ni sawa na wenye wanaingia kwa saa moja, mara muda yenye kila mumoja anakaa. Tuseme urjansi iko na vitanda 14. Kila saa wanaingia wagonjwa 3, na kila mumoja anakaa masaa 4 mpaka apate kurudi nyumbani ao kupandishwa ku salle ya wenye wamelazwa. 3 mara 4 ni 12. Vitanda vinatosha, viwili vinabaki, enfirmiye anaweza hata kunywa chai. Sasa chukua siku yenye hakuna mutu hata mumoja wa ziada amekuja, bado ni 3 kwa saa, lakini juu ya sababu fulani kila mumoja anakaa masaa 8. 3 mara 8 ni 24. Vitanda ni vile vile 14. Watu 10 wako ku benchi, ku sakafu, ku korido, na mwenye anafika anaona umati na anasema leo watu wamekuja wengi. Hapana, wamekuja wale wale. Hawatoki tu.

Kuna hesabu ya pili, ya zamani kuliko hiyo, yenye ilianza na Agner Krarup Erlang, Mudenmarki mwenye alikuwa anafanyia kazi kampuni ya telefone ya Copenhagen, aliitangaza mwaka 1909 juu ya watu wenye wanapiga simu na laini zimejaa. Inaonesha kwamba pahali penye watu wanakuja bila mupango, kungoja haipande pole pole. Tuseme dokta ni mumoja na kila mugonjwa anamuomba dakika 15, mara mwingine ni 5, mara mwingine 40. Kama dokta iko na kazi asilimia 80 ya muda yake, mugonjwa atangoja kama saa moja hivi. Ikipanda asilimia 90, ni masaa 2 na robo. Ikifika 95, karibu masaa 5. Sasa angalia hapa vizuri, kati ya asilimia 80 na 95 tofauti ni wagonjwa 6 tu mu masaa 10, 32 ao 38. Watu sita, na kungoja kumepanda karibu mara tano. Kwa hiyo dokta mwenye ametumwa dakika arobaini kutafuta saini, ao enfirmiye mwenye ametoka kwenda kuuliza kama kitanda kiko ku pediatri, haiko kitu kidogo hata. Ile dakika arobaini utailipa usiku muzima.

Basi mbona hawatoke? Hapa njo maneno ni mingi na njo nataka tukawie.

Sababu ya kwanza ni kitanda ya juu, ku salle. Mugonjwa wa urjansi mwenye anapashwa kulazwa hawezi kupanda kama salle imejaa, basi anabakia pale pale urjansi, anakamata kitanda, anakamata enfirmiye, anakamata serumu, na mwenye anakuja nyuma yake anakosa pa kulala. Mu inchi mingi wataalamu wa urjansi wanakubaliana leo kwamba hii njo kifungo kikubwa, kuliko wale wenye wanakuja na kikohozi. Sasa kwetu salle imejazwa na nani? Kuna wagonjwa, ndio. Lakini kuna pia watu wenye wamepona. Dokta amewapitia asubuhi, amesema mutoke, ameandika, na bado wako mu kitanda juu faktire haijalipwa. Mwaka 2016 watafiti waliangalia hiyo jambo ku hospitali moja kubwa ya mukoa huko Lubumbashi, kwa wamama wenye walizaa na walipashwa kurudi nyumbani, na waliona zaidi ya nusu walizuiwa juu ya deni. Zaidi ya nusu. Mama mwenye amezuiliwa anaumia, mutoto wake anaumia, watoto wenye alibakisha nyumbani wanaumia, na hiyo peke yake inatosha kwa kusema hapana. Lakini kuna mutu mwingine anaumia mwenye hakuna mutu anamuhesabu: yule mwenye iko chini ku urjansi anangoja kile kitanda. Hospitali inafikiri inalinda makuta yake, kumbe kila siku kitanda kinakaliwa na mutu mwenye hahitaji tiba, na makuta ile haiji juu mwenyewe amefungiwa, hawezi kwenda kuitafuta.

Siseme hospitali ni wabaya. Hospitali nyingi hapa, za serikali na za makanisa, zinaishi na makuta ya mugonjwa: dawa, mafuta ya groupe ya umeme, prime ya wafanyakazi, vyote vinatoka pale ku dirisha ya kulipia. Ukiwaambia waachilie kila mutu bure bila kuwapa kitu, mwezi ujao hakuna gazi ya kufunga kidonda. Njo maana hii shida haimalizwe na roho nzuri ya mukurugenzi mumoja. Mupango wa serikali wa kuzaa bure, wenye ulianzia Kinshasa mwaka 2023, uligusa paka hapo hapo: mama akitoka bila faktire, kitanda kinaachiliwa siku ile ile.

Hata mwenye iko na makuta anachelewa kutoka. Dokta anapita saa tatu ao saa nne za asubuhi, anasema mutoke. Kiisha karatasi inaanza kutembea: farmasi iandike dawa zenye zilitumika, labo iandike ekzame, bloku ya kupasulia iandike yake, ifike ku faktirasio, mutu wa faktirasio iko anaongeza, familia iitwe, familia iseme hii serumu hatukuitumia, irudi farmasi. Inafika saa kumi, dirisha inafunga, basi ni kesho. Kama ni jumamosi, ni jumatatu. Kitanda chenye kingekuwa wazi saa tano kimelala usiku na mutu muzima ndani, na ni usiku njo ajali za moto zinaingia.

Sababu ya pili ni ile njia ya mugonjwa mwenyewe kati ya kuingia na kupata dawa. Kamata kijana mwenye ameanguka na moto pale ku barabara ya Sake, muguu umevunjika. Amebebwa na moto ingine, katikati ya shofere na rafiki, juu ambilansi ya kuita na namba moja hakuna. Anafika. Kufungua fishi, dirisha. Kuweka kosio, ni kusema makuta ya kutanguliza, dirisha ile ile lakini mustari mwingine. Dokta anamuona, anaandika boni ya radio, picha ya mifupa. Rafiki anakimbia kulipa, anarudi na risiti. Kumusukuma ku radio, hakuna brankari (kitanda ya kusukuma), wangoje. Radio inatoka. Dokta amekwenda ku bloku juu kuna mama anapasuliwa, wangoje. Anarudi, anasoma, anaandika ordonansi: gants, bande ya plasta, serumu, dawa ya maumivu. Rafiki anakimbia tena farmasi, kitu moja haiko, anatoka inje ku farmasi ya barabara. Kila moja ya hizo hatua ni foleni yake, na mu kila foleni kijana hatibiwe, iko paka analala. Ukipima masaa yote sita yenye amepita pale, mukono wa muganga ulimugusa labda dakika arobaini. Zingine zote ni karatasi na makuta vinatembea.

Na makuta yenyewe, tangu vita iingie mu muji mwisho wa Januari 2025, inatembea na taabu. Benki za Goma zilifunga, uwanja wa ndege ukafungwa. Mutu iko na mushahara ku konti na hawezi kuitoa, franga ku mukono zikakuwa chache, kutoa ku M-Pesa ao Airtel Money ikaanza kuomba komisio ya juu, na dawa zenye zilikuwa zinakuja na ndege zikaanza kuzunguka. Familia yenye zamani ilimaliza kosio mu dakika kumi sasa inapigia simu ndugu watatu, mumoja Bukavu, mumoja Kampala, na wakati wanatafuta, mugonjwa iko mu kitanda ya urjansi na kitanda kinahesabiwa kama kimejaa.

Sababu zingine nazipitia haraka, juu kila mutu mwenye ameishi hapa anazijua. Labo ya usiku iko na mutu mumoja. Umeme ukikatika, radio inasimama. Damu: mutoto wa malaria mwenye damu imeisha anahitaji kuongezewa mara moja, na mara mingi wanaomba familia ilete mutu wa kutoa, apimwe kwanza, hiyo ni masaa. Wataalamu ni wachache, dokta wa mifupa mumoja anangojewa ku hospitali tatu. OMS, shirika la afya la dunia, ilisema mwaka 2006 kwamba inchi yenye haina angalau waganga, enfirmiye na wakunga 2,3 kwa watu 1.000 itapata shida kutoa hata huduma za musingi, na Kongo bado iko chini ya pale. Na juu ya hayo yote, ugonjwa wa kuambukiza: wakati Ebola ilifika Goma mwaka 2019, kiisha mpox yenye OMS iliitangaza hatari ya dunia nzima tarehe 14 Agosti 2024, kila mulango wa hospitali uliongeza meza ya kunawa, kupima moto ya mwili, kutenga wenye dalili. Hiyo inachelewesha na ni lazima icheleweshe, hapo sina ubishi.

Na wale wenye wanakuja na vitu vidogo? Sheria ya mufumo wetu ni nzuri ku karatasi. Inchi imegawanywa mu zone za afya 519, kila moja na vituo vyake vya afya na hospitali kubwa moja ya kupokea wenye wameshindikana kule. Muji wa Goma uko na zone ya Goma na zone ya Karisimbi. Mutu angeanzia ku kituo ya karibu na akitumwa atumwe na karatasi. Watu hawaanzie pale, juu kituo mara ingine dawa imeisha, ao wanaogopa kulipa mara mbili, na mimi sioni namna ya kuwalaumu. Lakini hata kama kesho wote wa kikohozi wangebakia nyumbani, foleni ingepunguka ku benchi tu. Mwenye kikohozi hakamate kitanda. Anaangaliwa dakika kumi, anapewa dawa, anaenda. Mwenye anakamata kitanda masaa 20 ni yule mwenye anapashwa kupanda juu na juu hakuna nafasi. Kuwatukana wa kikohozi kunatufurahisha lakini hakutuondolee masaa mengi.

Usifikiri ni yetu peke yetu. Uingereza iliweka sheria kali: kuanzia 2004, karibu kila mutu mwenye anaingia ku urjansi awe ametibiwa, amelazwa ao amerudi nyumbani mu masaa 4. Mwanzoni ilikuwa asilimia 98, mwaka 2010 wakashusha ku 95, na tangu 2015 hata ile 95 hawajaifikia, na makuta yao na mashini zao zote. Sababu kubwa ni paka ile: salle zimejaa, na sehemu ya wenye wamejaza ni wazee wenye wamepona lakini hakuna mutu wa kuwachunga nyumbani. Kwao kinachofunga mulango wa kutokea ni kukosa mutu wa kuchunga muzee, kwetu ni faktire. Matokeo ku benchi ya urjansi ni moja.

Kuna siku zenye hesabu yote hii inapinduka. Mwisho wa ile Januari 2025, vita ikiingia mu muji, hospitali zilipokea majeruhi wa risasi na mabomu kupita vyenye vitanda vingebeba. Ndosho ya kanisa CBCA kwenye CICR (Musalaba Mwekundu wa kimataifa) ilikuwa na timu ya kupasua, Kyeshero kwenye MSF ilikuwa inafanya kazi, na zingine, watu walilala chini. Siku ya kawaida mwenye hali mbaya kuliko wote njo anatangulia. Siku ya majeruhi wengi kuliko mikono anatangulia yule mwenye kazi ya haraka itamuokoa, na yule mwenye hata ukimupa bloku usiku muzima hatapona anawekwa pembeni, anapewa dawa ya maumivu, anashikwa mukono kama kuna mutu wa kumushika. Familia yenye iliona ndugu yao anapitwa siku ile inaweza kubeba hiyo miaka. Nataka wajue haikuwa kuzarau na haikuwa makuta. Ni uamuzi wenye waganga wenyewe wanaubeba na hawalale.

Sasa nini inapunguza kungoja kweli kweli? Kitu yenye inanishangaza ni kwamba mingi haiombe jengo mupya. Kuweka dokta mwenye uzoefu pale pale ku mulango, badala ya stajeri mwenye bado anajifunza peke yake, juu yeye anaamua haraka nani anarudi nyumbani na haagize ekzame tano za kujihakikishia. Kufanya mwekundu na wa chungwa watibiwe mbele ya kuulizwa kosio, na sanduku ya dawa za urjansi iko pale tayari, faktire ifuate nyuma. Kuweka kamustari ka wa kijani peke yake na enfirmiye mumoja. Kuandika faktire kila siku badala ya kungoja siku ya kutoka, ili familia ijue toka siku ya pili deni imefika wapi na ianze kutafuta. Tur ya dokta ya asubuhi ianzie na wenye watatoka, kiisha wenye watabaki, na mutu wa kulipisha afanye kazi jumapili pia. Na kwa wale wenye hawataweza kulipa, wapewe mukataba wa kulipa kidogo kidogo na waende. Mituele za afya (vikundi vya kuchangiana matibabu), makanisa, likelemba za wamama ku kartie, zinaweza kubeba sehemu, lakini ni serikali ao mwenye anatawala njo anapashwa kubeba kubwa, sitaki tuisahau hiyo.

Ukikutana na wakubwa wa hospitali ao wa komite ya afya ya kartie yako, acha kuwauliza mbona enfirmiye ni wavivu. Waulize hii: asubuhi ya leo, ni watu wangapi wameruhusiwa kutoka na bado wako mu vitanda? Hospitali yenye inajua hiyo namba kila siku imeshaanza kutengeneza. Yenye haijue, basi njo kazi ya kwanza.

Na wewe mwenye utakuwa pale ku benchi, kuna vitu viko mu mukono yako. Kuja na karatasi ya kituo kama ulipitia kule, na dawa zote zenye mugonjwa amekunywa, hata zile za miti, hakuna mutu atakutukana na kama atakutukana uziseme hata hivyo, juu zinabadilisha matibabu. Jueni grupu ya damu ya watu wawili watatu mu familia. Mubakishe garde-malade mumoja tu pale, wengine watoke, korido yenye watu 40 inafunga brankari.

Kitu ya mwisho, na hii watu wengi hawaijue: rangi haidumu. Mutu anapimwa saa mbili anakuwa wa njano, saa tatu anaweza kuwa mwekundu na hakuna mutu ameona, juu enfirmiye ni mumoja na benchi ni ndefu. Triaje ya kweli inapashwa kupima tena na tena, lakini usiingoje. Kama mutoto ameanza kupumua mbio kuliko vile mulifika, ao amelegea, ao amekataa kunyonya, ao ametetemeka, ao mikono imekuwa baridi, kama mutu mukubwa ameanza kuongea maneno haieleweki ao kidonda kimerudi kutoka damu, usibakie umekaa juu ya heshima. Simama, enda ku meza, usitukane, usianze na masaa yenye umengoja. Sema tu kitu yenye imebadilika: «Mama enfirmiye, tulifika alikuwa anaongea, sasa haongee tena.» Akisikia hivyo atasimama.